Nduthi Imeshikwa Sababu ya Bima? Soma Kabla Hujatoa Pesa

Leo tuongee bima. Kila msako ukifanyika, nduthi zinajaa kwenye yadi ya polisi, na simu zinaanza kulia kwa wazazi: "Nitumie kitu kidogo nitoe pikipiki."

Hicho kitu kidogo ndicho ninachokipinga.

Tuambiane ukweli kwanza. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, hairuhusu chombo kuwa barabarani bila bima ya mtu wa tatu, yaani ile inayomlipa mtu uliyemgonga. Ni kosa la jinai. Ukishikwa huna bima, afande hajakuonea kwa kukushika. Anakuonea akitaka pesa bila risiti, au akikulaza selo bila kukwambia kosa lako ni gani. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya kuambiwa sababu mara moja, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama saa hizo zimeishia wikendi. Pesa ya dhamana unayoweka kituoni ni yako bado, unarudishiwa kesi ikiisha kama umehudhuria. Ukiitoa bila risiti utaidai kwa nani?

Sasa ushahidi. Kuna aliye na bima lakini hana cha kuonyesha, na kuna asiye nayo kabisa. Usichanganye hao wawili. Siku hizi cheti kinatolewa kidijitali kupitia mfumo wa AKI, chama cha kampuni za bima, na kinaweza kuhakikiwa kwa nambari ya usajili wa pikipiki. Kama ulilipa, agenti akutumie cheti kwa simu hapo hapo, uonyeshe, na uombe kihakikiwe.

Kama hukuwa nayo, kununua leo hakufuti kosa la jana. Nunua hata hivyo, kwa sababu ukilipa faini na kutoka bila bima utashikwa tena kabla hujafika stage. Lakini usimwendee yule jamaa wa saiba akubadilishie tarehe. Hapo umetoka kwenye kosa la trafiki ukaingia kwenye kughushi, na hakimu hatakuangalia kwa jicho lile lile.

Angalia pia cheti kinasema nini kuhusu matumizi. Wengi wetu tunabeba abiria na bima ni ya matumizi binafsi, kwa sababu ni rahisi kidogo. Siku ya ajali kampuni itasoma hilo neno moja, na mama uliyembeba kutoka Matisi atabaki na mguu uliovunjika na harambee ya WhatsApp. Bima halali inaweza kumlipa mtu mmoja hadi shilingi 3,000,000. Harambee zetu mnazijua.

Kuna wanaosema, "Bima ni haramu, mimi sichukui." Ni kweli Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilitoa uamuzi huo Jeddah mwaka 1985 kuhusu bima ya kibiashara. Uamuzi huo huo ulikubali bima ya kusaidiana, na hapa Kenya takaful ipo tangu 2011. Kwa hiyo ukitaka kushika dini yako, ulizia takaful. Kukwepa malipo ya jirani uliyemgonga hakuna sheikh atakayekuitia uchamungu.

Na wale wa pikipiki za mkopo: mara nyingi mkopeshaji ndiye hununua bima ya kwanza na cheti anakaa nacho yeye. Mpigie leo umuulize inaisha tarehe ngapi, na akutumie nakala.