UCHAMBUZI: Sura ya mwanamitindo si mali ya mwenye kamera

SHERIA iliyoanza kutekelezwa katika jimbo la New York, Marekani, mnamo Juni 19, 2025 imefufua swali ambalo wadau wa sekta ya mitindo wamelikwepa kwa miaka mingi: Je, picha ya mtu aliyevalishwa nguo ya kuuzwa ni mali ya nani?

Kwa mujibu wa sheria hiyo, ni marufuku kutengeneza au kutumia nakala ya kidijitali ya mwanamitindo pasipo idhini yake ya maandishi. Idhini yenyewe sharti ieleze nakala hiyo ni ya kazi gani, itatumiwa kwa muda gani na kwa malipo yapi.

Sheria hiyo imekuja wakati ufaao. Mnamo Machi 2025 kampuni ya mavazi ya H&M kutoka Uswidi ilitangaza mpango wa kuunda nakala za wanamitindo 30 kwa teknolojia ya akili unde, ikiahidi kwamba wahusika wangebaki na haki juu ya nakala zao na kulipwa.

Miezi michache baadaye, toleo la Marekani la jarida la Vogue la Agosti 2025 lilibeba tangazo la kampuni ya Guess lenye picha ya mwanamke ambaye hajawahi kuzaliwa. Maelezo kwamba alibuniwa na kompyuta yaliandikwa kwa herufi ndogo.

Ili kuelewa uzito wa suala hili, ni sharti kwanza tufahamu jinsi picha za aina hii zinavyopatikana.

Anayetazama tangazo la mavazi aghalabu hudhani kwamba kipusa alisimama, kamera ikabofywa, kazi ikaisha. La hasha! Nguo hupigwa mvuke ili mikunjo iondoke, ikabanwa kwa pini mgongoni ili ikae sawasawa upande wa mbele. Mpigapicha naye husimama mbali kidogo na kutumia lenzi ndefu ili mwili usipotoshwe umbo.

Nguo za ndani ndizo mtihani mgumu kuliko zote. Lesi nyeusi ikimulikwa moja kwa moja kutoka mbele hugeuka doa lisilo na maua wala nyuzi. Mwanga wa kutoka kando ndio unaoyafichua maua yake. Satini nayo hung'aa kupita kiasi usipoutawanya mwanga kwa kitambaa cheupe. Ngozi nyeusi na nguo nyeupe katika picha moja humlazimu mpigapicha kupima mwanga kwa makini, la sivyo ama uso utapotea gizani ama nguo itaungua kwa weupe.

Hata hivyo, taa na lenzi ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuaminiana.

Mwanamitindo wa nguo za ndani husimama karibu uchi mbele ya watu asiowajua. Akiwa na hofu, mabega na shingo hukaza, na hakuna taa iwezayo kuificha hofu hiyo. Ndiposa wapigapicha waliobobea hufunga mlango wa studio na kubakisha watu wanaohitajika pekee, huweka vazi la kujisitiri karibu, na hukubaliana mapema kuhusu nguo zitakazovaliwa, mikao itakayopigwa na mahali picha zitakapotokea.

Kwa maneno mengine, idhini si karatasi ya mawakili tu. Ni sehemu ya ufundi wenyewe.

Sekta hii ilijifunza hayo kwa uchungu. Mnamo Januari 2018, baada ya tuhuma za dhuluma za kimapenzi dhidi ya baadhi ya wapigapicha mashuhuri, kampuni ya Condé Nast inayochapisha Vogue ilitoa kanuni mpya. Miongoni mwazo, picha za nguo za ndani au za mavazi yanayoonyesha mwili zilitakiwa kuidhinishwa mapema na mpigwapicha mwenyewe.

Ukweli wa picha pia umekuwa ukichunguzwa. Kampuni ya nguo za ndani ya Aerie nchini Marekani iliacha kurekebisha miili ya wanamitindo wake kwa kompyuta mnamo 2014. Ufaransa nayo, kuanzia Oktoba 1, 2017, hulazimisha matangazo yenye miili iliyopunguzwa au kuongezwa kwa kompyuta kutamka hivyo. Anayekaidi anaweza kutozwa faini ya Euro 37,500.

Je, Kenya imesimama wapi?

Kinyume na dhana ya wengi, sheria ipo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inachukulia sura ya mtu kuwa data yake binafsi, na inakataza kuitumia kibiashara bila idhini yake ya wazi. Aidha, anayeitumia ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba aliruhusiwa. Mnamo Septemba 2023 klabu moja ya burudani jijini Nairobi ilitozwa faini ya Sh1.85 milioni kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa.

Ikiwa mteja aliyepigwa picha klabuni analindwa kiasi hicho, sembuse msichana aliyepigwa akiwa amevaa sidiria?

Tatizo ni mazoea. Kazi nyingi za picha za mavazi humu nchini huafikiwa kwa simu au ujumbe mfupi. Msichana huahidiwa nauli, nguo na picha chache za kujitangaza. Hakuna anayemweleza iwapo picha zitakaa mtandaoni mwezi mmoja au milele, wala iwapo zitauziwa mtu wa tatu au kulishwa kompyuta.

Mpigapicha pia hana usalama. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi iliyoagizwa huchukuliwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pale mkataba unaposema vingine. Asiye na mkataba huenda akaiona picha yake kwenye bango na asiwe na la kusema.

Wafanyabiashara wadogo watadai kwamba mikataba ni ghali na ni ya kampuni kubwa. Hoja hiyo haina mashiko. Ukurasa mmoja wenye majina, nguo, matumizi, muda, malipo na kifungu kuhusu akili unde hauhitaji jumba la mawakili. Vyuo vinavyofunza upigaji picha navyo havina budi kuufunza ukurasa huo sambamba na somo la taa.

Teknolojia haitarudi nyuma, na pengine si lazima irudi. Lakini kabla ya mwili wa mtu kugeuzwa bidhaa isiyochoka wala kuzeeka, mwenyewe aulizwe, ajibu, na jibu liandikwe. Wahenga walikwisha kutuonya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.