Siku Isiyo na Onyesho

Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tumezoea kusema kwamba utungo huishi pale unapotendwa. Fanani akiwa mbele ya hadhira, fasihi ipo. Akishuka jukwaani, imekwisha hadi atakapopanda tena. Kauli hii imetufaa sana, hasa katika kuukomboa wimbo kutoka kwenye karatasi. Hata hivyo, nashikilia kwamba tumeufunga mlango mapema mno. Mwanamuziki aliye ziarani hukaa jukwaani saa mbili, kisha akamaliza siku nzima barabarani akielekea mji wa pili. Siku hiyo ni sehemu ya utendaji wake, wala si pengo baina ya onyesho na onyesho.

Natoa mfano wa Skandinavia kwa sababu huko umbali na sheria huifanya siku hiyo ionekane waziwazi. Ramani huhadaa. Stockholm na Oslo ni miji mikuu ya mataifa jirani, lakini baina yake mna zaidi ya kilomita 500 za barabara. Dereva wa basi naye hatawaliwi na meneja mwenye haraka: sheria yamtaka apumzike dakika 45 kila atimizapo saa 4 na nusu za kuendesha, na kwa kawaida asizidishe saa 9 kwa siku. Kisha kuna mpaka. Uswidi na Norwe zote zimo katika mkataba wa Schengen, kwa hivyo aghalabu abiria huvuka bila paspoti yake kugongwa muhuri. Lakini Norwe haimo katika Umoja wa Ulaya, na kundi lenye shehena ya ala hutakiwa kushughulikia forodha, aghalabu kwa hati inayoorodhesha kila ala pamoja na thamani yake. Mtu apita, ngoma yasubiri!

Na ngoma hiyo, ikiwa imewambwa kwa ngozi, haisafiri salama. Katika majira ya baridi, hewa ya kumbi zinazopashwa joto huwa kavu. Ngozi hukakamaa na sauti yake hupanda, nao mti wa ala huweza kupasuka. Mpigaji anayeshinda njiani akiifunika ala yake kwa blanketi anaitunza sauti itakayosikika kesho. Nani kati yetu amewahi kulitaja blanketi hilo katika tasnifu?

Mfano ulionishawishi kuliko yote ni wa John Coltrane. Mnamo Machi 1960 alizuru Ulaya na kundi la Miles Davis. Tarehe 21 walikuwa Paris, ambako baadhi ya hadhira walimzomea. Tarehe 22 wakapiga Stockholm, na tarehe 24 Copenhagen. Coltrane hakuitaka ziara hiyo; Davis ndiye aliyembembeleza. Jimmy Cobb, mpiga dramu wa kundi, alisimulia baadaye kwamba Coltrane alikaa karibu naye basini kama mtu aliye tayari kuondoka wakati wowote, akichungulia dirishani na kupiga, kwa saksafoni ndogo ya soprano, ngazi za sauti zenye mwelekeo wa Mashariki. Oktoba mwaka uo huo, akiwa na kundi lake mwenyewe, alirekodi “My Favorite Things” kwa saksafoni ya aina hiyo, na rekodi hiyo ikawa miongoni mwa kazi zake mashuhuri zaidi. Anayezisikiliza kanda za Stockholm na Copenhagen pekee anamsikia mtu anayegombana na muziki aliomo. Muziki aliokuwa akiuendea ulikuwa basini, na hadhira yake ilikuwa mwenzake mmoja na kioo cha dirisha.

Najua pingamizi litakalotolewa: kwamba haya ni wasifu wa msanii, si fasihi, na kwamba mhakiki makini huishughulikia kazi, si mtu. Pingamizi hilo lingekuwa na uzito kama ningekuwa nataka tujue Coltrane alikula nini. Ninachodai ni kwamba mazoezi, majaribio na uteuzi wa sauti ni utunzi, na utunzi hautoki nje ya fasihi kwa kuwa umefanyika juu ya magurudumu.

Wala Kiswahili si kigeni kwa masimulizi ya njiani. Salim bin Abakari alisafiri Urusi na Siberia mwaka 1896, na simulizi yake ikachapishwa na Carl Velten mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli. Kwake safari yenyewe ndiyo kisa, wala si kiungo cha kisa kingine. Inashangaza basi kwamba, zaidi ya miaka 100 baadaye, tasnifu zetu kuhusu waimbaji wa taarabu na benga humaliza ziara ya miezi kwa sentensi moja: “Pia alizuru Ulaya.” Kisha sura nzima hupewa takriri na tashbihi.

Wapo miongoni mwetu, hapa Kenya, wapiga ala waliozeeka ambao waliwahi kuzunguka huko katika mabasi ya aina hiyo. Anayekwenda nyanjani mwaka huu na awatafute hao, si waimbaji peke yao. Awaulize nani aliketi na nani, nini kilipigwa garini ambacho hakikupigwa ukumbini, na ni wimbo upi uliobadilika kati ya mji mmoja na mwingine.