Mshauri wako wa majuu si M-Pesa

Watu husema umbali ndio unaua uhusiano wa kijana na mshauri wake aliye ng'ambo. Mimi nasema ni kuomba fare.

Hebu tuambiane ukweli. Unapata Mkenya aliye Toronto au Berlin, anafanya ile kazi unayoiota, anakubali kukushika mkono. Wiki ya kwanza mnaongea malengo. Wiki ya tatu kioo cha simu kimepasuka. Mwezi wa pili ni rent. Sasa kila akiona jina lako kwenye WhatsApp anashika mfuko kwanza. Na wewe, kwa vile umekula chake, huwezi tena kumwambia kwamba ushauri wake wa jana haufanyi kazi huku.

Na lazima umwambie. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imegoma. Mshauri wangu, dada mmoja aliye Toronto, alinisukuma sana nirudi nimalize. Nikamwandikia hesabu yote: karo, nauli, kodi ya nyumba, na kile kidogo ninachopata kwa kuandika. Alinyamaza siku mbili, kisha akauliza, "Basi hayo maandishi tuyafanyie nini?" Ningekuwa na deni lake, ningejibu tu "sawa dada" na kumkwepa.

Mengine ni ya kujipanga tu. Nairobi hatugeuzi saa, Toronto wanageuza Machi na Novemba. Mapumziko yake ya saa saba mchana huwa saa tatu usiku kwetu wakati wa baridi yao, halafu saa mbili kuanzia Machi. Usipojua hilo, utapiga simu akiwa amesharudi kazini. Na wacha hizo "niaje, uko?" Tuma kazi yenyewe siku moja kabla, na swali moja. Video inakula data bure. Ujumbe wa sauti wa dakika mbili unatosha.

Najua njaa ni ya kweli. Hiyo mpelekee mjomba, au chama, au msee wa mtaani anayejua utamlipa Ijumaa.

Na nyinyi washauri mlio huko, pia punguzeni hizo picha za maneno ya kutia moyo kila Jumatatu. Tumewatumia kurasa tatu. Zisomeni, mtuambie ni wapi zimeharibika.