Akina mama, uvumilivu wa Mtakatifu Monika si wa kunyamaza

Kila inapokaribia tarehe 27 Agosti, siku ambayo Kanisa Katoliki linamkumbuka Mtakatifu Monika, akina mama wengi hujiandaa kwa novena na vitenge vya sare. Lakini jina lake halingoji Agosti. Tunalitaja katika jumuiya na katika semina za ndoa, na mara nyingi kwa sababu moja: mama fulani amechoshwa na mumewe, au mtoto wake amepotea, nasi tunamwambia, "Vumilia, mwangalie Monika." Kisha tunaaga, tunakwenda zetu.

Neno hilo ni zito. Mama anaweza kuishi nalo miaka ishirini, na wako waliokufa nalo. Kwa hiyo leo tujiulize: Monika alivumilia nini hasa, na alivumilia namna gani?

Habari zake karibu zote tunazipata kwa mwanawe, Mtakatifu Augustino, aliyezisimulia katika kitabu chake cha Maungamo miaka kama kumi baada ya mama yake kufa. Monika alizaliwa karibu mwaka 331, katika familia ya Kikristo ya Afrika ya Kaskazini. Mji wa Tagaste alikoishi na mumewe leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Ni mama wa bara letu hili hili.

Aliambiwa ukweli, akausikia

Alipokuwa msichana, Monika alikuwa akitumwa kuchota divai ya mezani kwenye pipa. Akaanza kuonja kidogo kwa utundu tu. Kesho yake akaongeza, na keshokutwa akaongeza tena, mpaka akazoea kunywa kikombe karibu kijae. Siku moja aligombana na kijakazi aliyekuwa akienda naye, na katika hasira yule binti akamwita mlevi.

Neno lilimchoma. Angeweza kwenda kumshitaki kwa wazazi, maana yeye alikuwa mtoto wa mwenye nyumba na yule alikuwa mtumwa. Badala yake alijitazama, akaona ameambiwa kweli, akaacha pale pale. Akina mama, ni wangapi kati yetu tunaweza kupokea ukweli kutoka kwa dada wa kazi, au kwa jirani tuliyenuniana naye? Utakatifu wa Monika ulianza kwa kukubali kuonywa na mtu wa chini yake.

Alilinda ulimi wake, si nafsi yake tu

Alipoolewa, mama mkwe hakumpenda. Vijakazi walikuwa wakipeleka maneno, na mkwe akayaamini. Monika hakujibu kwa maneno mengine. Aliendelea kumtumikia na kumheshimu, hadi mkwe mwenyewe akatambua wapi fitina inatoka, akamwambia mwanawe awaadhibu waliokuwa wakichonganisha. Tangu hapo wakaishi kwa amani.

Jambo jingine analolisifu Augustino ni hili: watu wawili wakigombana, kila mmoja akaja kumwaga uchungu wake kwa Monika, yeye hakubeba chochote kwenda upande wa pili, isipokuwa lile lililoweza kuwapatanisha. Hebu fikiri vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, kwaya zetu, na makundi yetu ya simu. Maneno mangapi yangekufa kama kila mama angekuwa kaburi la ubaya aliousikia?

Alingoja, lakini alisema

Mumewe, Patrisi, hakuwa Mkristo. Alikuwa na moyo mwema lakini hasira zake zilikuwa za haraka, na hakuwa mwaminifu katika ndoa. Monika hakubishana naye akiwa amewaka. Alingoja atulie, ndipo akamweleza kwa nini alifanya alivyofanya. Tuangalie vizuri hapo. Kungoja kwake kulikuwa kutafuta saa ya kusema, na saa hiyo ilipofika alisema.

Augustino anaeleza kwamba wanawake wengine wa mji ule walikuwa na alama za kupigwa nyusoni, nao walishangaa, kwa sababu haikusikika hata siku moja kwamba Patrisi amempiga mkewe. Basi anayemtaja Monika ili mama avumilie kipigo anamsingizia. Monika hakupigwa.

Ni kweli pia, na tusilifiche, kwamba Monika aliwaambia wenzake wale walaumu ndimi zao, na wakumbuke kwamba mke aliyeolewa amekuwa mtumishi wa mumewe. Hayo yalikuwa mawazo ya dunia yake, dunia iliyonunua na kuuza watu. Hatulazimiki kuyabeba. Kungoja hasira ipoe ni busara kwa ugomvi wa kawaida wa nyumbani, lakini si kinga dhidi ya mwanaume anayepiga, kwa kuwa huyo hata ukinyamaza atapata sababu. Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hakuna aliye na haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Mama anayepigwa amwone paroko au mchungaji wake, awaambie ndugu, na aende Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kufanya hivyo si upungufu wa imani.

Patrisi aliamini na kubatizwa mwishoni mwa maisha yake. Tumshukuru Mungu kwa hilo, lakini tusimfanyie kila mama ahadi kwamba na kwake itakuwa hivyo.

Alilia, na alifuata

Augustino alipojiunga na Wamanikayo, watu wa imani iliyopingana na ile aliyolelewa nayo, Monika alilia sana. Lakini hakulia tu. Kwa muda alikataa hata kula naye meza moja. Alimwendea askofu aliyewahi kuwa kati ya Wamanikayo, akamsihi azungumze na kijana. Askofu akakataa, akamshauri amwache kwanza, aendelee kumwombea, kwa sababu kijana mwenyewe angegundua makosa kwa kusoma. Lilikuwa jibu gumu kwa mama mwenye haraka, na alilisumbukia, ila mwishowe alilipokea.

Mwaka 383 Augustino alimdanganya mama yake, akapanda meli usiku kwenda Roma akimwacha anasali pwani ya Karthago. Monika naye baadaye akavuka bahari kumfuata, akamkuta Milano. Huko, usiku wa Pasaka mwaka 387, Augustino alibatizwa na Askofu Ambrosi, pamoja na mwanawe Adeodato.

Hakuwa bila kosa

Kuna sehemu ambayo semina zetu huiruka. Augustino alikuwa ameishi miaka mingi na mwanamke mmoja, mama wa Adeodato. Monika alikuwa mstari wa mbele kumtafutia mwanawe mke wa hadhi, na binti aliyeposwa alikuwa bado hajatimiza umri wa kuolewa hata kwa sheria za wakati ule. Yule mama wa mtoto akaondolewa, akarudishwa Afrika, mtoto akabaki kwa baba. Augustino anakiri kwamba moyo wake ulitoka damu. Jina la mwanamke huyo halikuandikwa. Hata ndoa ile iliyopangwa haikufungwa.

Mama anayempenda mwanawe anaweza kumuumiza binti wa mwenzake. Tunapowachagulia watoto wachumba kwa kutazama kabila, cheo au mali ya ukoo, tumkumbuke na huyo aliyerudi Afrika mikono mitupu.

Mwishowe aliachilia

Kwa miaka mingi Monika alitaka azikwe kando ya mumewe. Lakini akiwa Ostia, bandari ya Roma, akingoja meli ya kurudi nyumbani, alishikwa na homa. Aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote bila kuhangaika, ila wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Alifariki siku ya tisa ya ugonjwa, mwaka ule ule wa 387, akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake.

Basi, mama mwenzangu, safari nyingine ukitaka kumwambia mtu "Vumilia kama Monika", kwanza keti naye. Muulize kama ana usalama ndani ya nyumba yake. Kama hana, msindikize kunakostahili. Kama anao, salini pamoja, kisha mtafute pamoja saa nzuri ya kusema.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.