Mpira si mchezo pekee: Tuandae mashindano ya ubao mrefu Likoni na Kisauni

Muulize kijana wa Likoni maji yatajaa saa ngapi leo, na mara nyingi atakujibu bila hata kutoa simu mfukoni. Muulize mara ya mwisho alishindana baharini lini, atakucheka. Kwetu mashindano ni mpira. Kuna ligi za mtaani, kuna kombe la mwanasiasa huyu na la yule, na kila dogo anaota kuvaa jezi ya Bandari FC. Bahari, iliyoko hapo nje bure, tumewaachia wavuvi, watalii na meli.

Sisi tunasema wakati umefika. Msimu wa Kusi ujao, vijana wa ng'ambo ya kisiwa wapate mashindano yao ya kuserereka mawimbini kwa ubao mrefu. Yawe madogo tu, ya siku moja, mtaa kwa mtaa: Likoni wapambane na Kisauni, na Changamwe wasiachwe nje.

Kwa nini ubao mrefu? Kwa sababu bahari yetu ndiyo inavyotaka. Mawimbi makubwa huvunjikia kwenye mwamba, mbali na ufuo. Yanayotufikia Shelly Beach au Pirates maji yakijaa huwa madogo na ya polepole. Zile mbao fupi za futi 6 hivi mnazoziona kwenye Olimpiki zinataka wimbi lenye nguvu, kama la Teahupo'o kule Tahiti, palipofanyiwa mchezo huu wakati wa Michezo ya Paris 2024. Ubao mrefu huanzia futi 9. Ni mpana, unaelea vizuri, na unalidaka wimbi mapema hata likiwa legevu. Mtu anayeanza anaweza kusimama juu yake siku za kwanza kwanza. Kwa hivyo mchezo unaotufaa upo, na mawimbi yake tunayo.

Na usidhani ni kusimama tu na kupiga picha. Washindani huingia majini wachache wachache, kwa muda maalumu wa dakika 20 au 30. Kila wimbi unalopanda hupewa alama kati ya 0 na 10. Mwisho wa muda, mawimbi yako mawili bora hujumlishwa, kwa hivyo alama za juu kabisa ni 20. Kwenye ubao mrefu, waamuzi hawatafuti mtu wa kuruka ruka. Wanatafuta utulivu: unavyotembea juu ya ubao kwa hatua za kupishanisha miguu, unavyofika hadi ncha ya mbele, na wakali wa mchezo husimama pale vidole vyote kumi vya miguu vikining'inia nje ya ubao. Ukimwingilia mwenzako aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanzia kuvunjika, unakatwa alama. Yaani ni mchezo wa subira na heshima. Mwenye pupa hupanda mawimbi kumi mabovu, na mwenye macho huchagua mawili.

Kuna watakaosema huu ni mchezo wa wazungu. Hapana. Katika miaka ya 1640, Mjerumani Michael Hemmersam aliandika alivyoona watoto wa pwani ya nchi tunayoiita leo Ghana wakifungwa kwenye mbao na kuingizwa majini. Mwanahistoria Kevin Dawson anayataja maandishi hayo kama ushahidi wa kale kabisa ulioandikwa kuhusu watu kupanda mawimbi kwa mbao. Na leo, nenda Ngor, mtaa wa wavuvi jijini Dakar. Huko ndiko alikotoka Khadjou Sambe, mwanamke wa kwanza wa Senegal kuufanya mchezo huu kuwa kazi. Ngor ni mtaa wa ufuoni wenye mitumbwi na watoto wengi, kama mitaa yetu.

Lakini kabla ya ubao, kuna jambo zito zaidi. Wengi wetu hatujui kuogelea. Tumezaliwa kando ya maji, tunavuka maji kila siku kwenda kibaruani, na bado maji yakitufika kifuani tunaanza kutapatapa. Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafariki. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka wa 2021. Kila likizo Pirates hujaa watoto wanaoelea kwenye tyubu za magari, na tyubu ikiteleza ndipo unapojua nani anaweza kuogelea na nani alikuwa anajifanya.

Hapa ndipo mashindano yanapokuwa na maana kubwa kuliko kombe lenyewe. Sharti la kwanza la kujiandikisha liwe kuogelea mita 200 mfululizo bila kushika chochote. Hujui? Karibu, utafundishwa, miezi mitatu kabla ya siku yenyewe. Tangaza zawadi nzuri uone vijana watakavyojitokeza kujifunza jambo ambalo mahubiri ya miaka mingi hayajawafundisha. Hata atakayetoka wa mwisho atakuwa amepata kitu cha kumwokoa yeye, au cha kumwokoa mwenzake.

Vijana wa Changamwe wanatuhitaji zaidi katika hili. Maji yao ni ya hori la Port Reitz, mawimbi hawana, na kufika ufuoni ni kupanda matatu, tena pengine mbili. Mashindano yakipangwa bila nauli yao kufikiriwa, yatakuwa ya wenye nyumba karibu na bahari tu.

Na wasichana? Tusijifanye hatuoni. Wengi huzuiwa kwa sababu ya mavazi na maneno ya watu. Lakini kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kusitiri mwili mzima, na waliofundishwa wakaanza kuwafundisha wenzao. Kama Nungwi wameweza, sisi tunashindwa na nini? Kuwe na kundi lao, wakufunzi wao wa kike na saa zao.

Swali la mbao tunalisikia pia. Ubao mpya wa dukani hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, pesa ambazo kijana wa kibarua hana. Lakini huu ni mchezo wa kushiriki: mbao sita zinatosha siku nzima, kwa sababu hamwingii wote pamoja. Tena tuna mafundi. Mwaka wa 1932 Mmarekani Tom Blake alipata hataza ya ubao ulio wazi ndani, uliojengwa kwa mbavu na kufunikwa kwa mbao nyembamba. Fundi wa mashua akiuona ataelewa mara moja, maana ni kazi yake ya kila siku. Na waliounda Flipflopi, jahazi la plastiki taka lililozinduliwa Lamu mwaka wa 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka wa 2019, wametuonyesha kuwa hata takataka za ufuoni zinaweza kuelea zikipata mikono ya fundi. Huko huko Lamu, tamasha la utamaduni huwa na mbio za jahazi, za punda na za kuogelea. Mashindano ya baharini si jambo geni Pwani hii.

Kuna kikwazo kingine, nacho si cha vijana. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya mstari wa maji kujaa na mstari wa maji kupwa ni ardhi ya umma. Ufuo ni wetu. Lakini ufuo utaufikiaje ikiwa vichochoro vya kushukia vimezibwa kwa kuta na mageti? Kijana aliyebeba ubao wa futi 9 hawezi kuruka ukuta. Serikali ya kaunti ifungue njia hizo, iweke waokoaji, na isaidie klabu za mitaa zisajiliwe kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Wavuvi na vikundi vyao vya usimamizi wa fuo, BMU, waitwe mapema, maana wao ndio wanaojua milango ya mwamba iko wapi na mkondo unavuta kuelekea wapi. Siku ichaguliwe kwa jedwali la maji, asubuhi, kabla upepo haujachafua bahari. Isichaguliwe kwa kalenda ya mgeni rasmi.

Hatudanganyi mtu. Siku moja ya mawimbi haitamaliza ukosefu wa ajira, wala haitafuta magenge ya panga ambayo yameyatia majina ya Kisauni na Likoni kwenye habari mbaya. Lakini kijana anayeamka alfajiri kuangalia bahari, anayejua kuogelea, na anayetambuliwa mtaani kwa ustadi wake ana sababu moja zaidi ya kukataa akiitwa maskani kwa mipango ya usiku. Sababu kama hizo ni chache huku kwetu. Tusiidharau hata moja.

Wahenga walisema ukiyavulia maji nguo, huna budi kuyaoga. Wewe unayesoma haya, anza na kuogelea. Tafuta wenzako watano, mtafute anayejua, mkubaliane siku. Kusi likianza kuvuma, tukutane Shelly Beach.