Kwao ni Wapi?

Juzi, kwenye mathree ya kutoka Ruiru kwenda Thika, konda alitoa hukumu: "Hawa Wahindi wanajua tu kuuza. Hawalimi, hawachanganyiki. Warudi kwao." Abiria wakacheka. Nami nikacheka, na hiyo ndiyo inaniuma.

Niliacha chuo karo iliponishinda, kwa hivyo sina digrii ya kumtisha mtu. Lakini kusoma sikuacha. Sasa nisikilizeni.

Mnauliza kwa nini hawalimi? Mwaka wa 1908 Lord Elgin, waziri wa makoloni huko London, aliamua Wahindi wasigawiwe ardhi kwenye nyanda za juu. Kahawa ya Ruiru na mkonge wa Thika vikawa vya mlowezi. Aliyenyimwa shamba akabaki na duka. Leo sisi, wajukuu wa walionyang'anywa ardhi hiyo hiyo, tunamcheka Mhindi kwa kukaa nyuma ya kaunta. Manze, hii kazi ya mkoloni tunaifanya bure!

Na eti hawachanganyiki? Mwaka wa 1921 Harry Thuku, mtoto wa Kambui, si mbali na Ruiru, alitaka kilio cha kipande na kodi kifike London. Aliyemsaidia ni Manilal Desai, mhariri wa gazeti la East African Chronicle. Thuku akatuma telegramu iliyowataja Wahindi kuwa marafiki, na machifu wakawaka. Machi 1922 akakamatwa. Umati uliokuja Nairobi kumdai ukamiminiwa risasi. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 21.

India ilipopata uhuru, ikamtuma Apa Pant mwaka wa 1948 kuwa kamishna wake wa kwanza Afrika Mashariki. Akawa karibu sana na viongozi wa Kiafrika, hadi Waingereza wakashinikiza aondolewe mwaka wa 1954. Kenyatta aliposhtakiwa Kapenguria, Nehru alimtuma wakili Chaman Lall kusaidia kumtetea. Haya mlifundishwa shuleni? Mimi niliambiwa walijenga reli wakafungua maduka, basi.

Sisemi walikuwa malaika. Viongozi wao wengi walipigania kwanza viti vyao na mashamba yao. Mwaka wa 1923 London ikawajibu kwamba maslahi ya Mwafrika ndiyo ya kwanza, halafu Mwafrika mwenyewe hakurudishiwa shamba lake. Na leo wapo mabosi wa Kihindi wanaolipa mshahara wa aibu, kama walivyo mabosi wa Kikuyu. Bosi wako akikupunja, mdai yeye. Muuza vitambaa wa Thika hana deni lako.

Mwaka wa 2017 serikali iliwatambua kuwa kabila la 44 la Kenya. Miaka zaidi ya mia moja baada ya reli, bado walihitaji cheti cha kuwa wenyeji.

Kwa hivyo, konda, nikipanda gari lako tena sitacheka. Nitakuuliza mbele ya abiria wote: kwao ni wapi, bro?