Treni Ikiacha Reli, Aulizwe Nani?

Twafahamu sisi makarani: faili likipotea, wa kwanza kuulizwa ni tarishi. Ndivyo na treni ya mizigo iachapo reli, hutajwa dereva. Huko Lac-Mégantic, Kanada, tarehe 6 Julai 2013, treni ya mafuta iliyoegeshwa mteremkoni ilijiendea bila mtu, ikaacha reli katikati ya mji, watu 47 wakafa. Dereva alikaza breki za mkono 7, nazo hazikutosha. Kwa hilo hatumtetei. Lakini injini iliyokarabatiwa vibaya ilishika moto, ikazimwa, upepo wa breki ukavuja. Wachunguzi walitaja mambo 18 yaliyosababisha au kuchangia ajali. Waliosimama kizimbani kwa vifo hivyo ni dereva na wafanyakazi wenziwe wawili, wakaachiliwa mwaka 2018. Maoni yetu, maswali yaanzie karakana, ndipo yamfikie dereva.